Ulisimama Upande Gani?

Kabla mtu yeyote hajacheza, tulishangilia kwa karibu nusu saa. Msichana aliyevaa fulana nyeusi na visikizio kichwani alisimama mbele ya jukwaa tupu akatuomba tucheke. Tukacheka. Akatuomba tushangae, tukashangaa. Akatuomba tupige makofi ya uvivu kama watu wasioridhika, halafu tusimame na kupiga kelele kama watu walioona jambo wasilowahi kuliona. Mpiga picha alipita mbele ya safu zetu akikusanya nyuso. Jukwaani palikuwa na fundi mmoja tu, amepiga magoti, akibandika waya sakafuni.

Nilikuwa nimekwenda kumwona mdogo wangu. Kundi lao la vijana watano wa Mbagala lilikuwa limefika hatua ya makundi manne ya mwisho katika shindano la dansi la televisheni, na kila kundi liliruhusiwa kuleta watu wake ukumbini. Tulifika saa 10 jioni. Tuliambiwa kipindi kingerushwa wiki mbili baadaye, kwa hiyo tusimwambie mtu matokeo.

Kwa miezi kadhaa niliwaona wakifanya mazoezi katika kiwanja cha shule ya msingi, jioni, wakati watoto wamekwisha kwenda nyumbani. Walicheza singeli, kwa mwendo ule unaomfanya mtazamaji aogope kwamba mtu atavunjika goti. Katikati ya singeli, mdogo wangu aliingiza kitu alichokichukua kwa bibi yetu: bugobogobo, ngoma ya Wasukuma inayochezwa na majembe. Wachezaji huinua majembe pamoja, huyazungusha, huyarusha na kuyadaka, kama walivyofanya watu waliolima shamba kubwa kwa kufuata mapigo ya ngoma. Vijana wetu walitoa vyuma wakabaki na mipini.

Tukiwa tumekwisha kaa, yule msichana wa visikizio alirudi akatuhamisha watu kama kumi wa safu yetu. Upande wa kulia ulikuwa na viti vitupu, akasema, na kamera haipendi viti vitupu. Upande wa kulia ulikuwa wa mashabiki wa kundi jingine, wasichana watano kutoka ng'ambo ya pili ya mji. Tulihama bila ubishi.

Kundi la mdogo wangu lilitangulia. Mipini iliporushwa mitano kwa pamoja, ikapinduka hewani na kudakwa mitano kwa pamoja, ukumbi mzima ulisimama. Hakuna aliyetuambia. Hata mmoja wa majaji watatu alisukuma kiti chake nyuma akainuka. Mama mmoja jirani yangu, ambaye alikuja kwa ajili ya binti yake aliyekuwa kundi la wapinzani, alipiga kigelegele kisha akajiziba mdomo.

Ndipo sauti ikasikika kutoka nyuma ya taa: sauti haikurekodiwa vizuri, turudie.

Walirudia. Walikuwa wamechoka na jasho limewaingia machoni. Safari hii mpini mmoja ulianguka, ukabingirika hadi ukingoni mwa jukwaa. Yule msichana alituinulia mikono, nasi tukasimama kwa amri tukashangilia kama tulivyoshangilia mara ya kwanza, au tulijaribu. Majaji walitoa alama kwa walichokiona mara ya pili.

Kisha wakacheza wale wasichana, mara moja tu, na kila kitu kikanasa. Walishinda. Mdogo wangu na wenzake waliwakumbatia, wakaondoka na mipini yao ndani ya mfuko wa sandarusi.

Wiki mbili baadaye tulikaa sebuleni kwa mama kutazama kipindi. Mpini ulianguka tena, sasa mbele ya nchi nzima. Halafu wasichana wakaingia jukwaani, na katikati ya dansi lao kioo kikajaa uso mmoja uliofumba macho, mdomo wazi, mikono juu, ukishangilia. Ulikuwa uso wangu.

Hakuna aliyesema neno. Mdogo wangu alichukua simu yake akatoka nje.

Usiku ule nilimpigia bibi, anayeishi Kisesa, nje kidogo ya Mwanza. Yeye hakuwa ametazama kipindi. Nilimsimulia yote: makofi ya jukwaa tupu, kurudia, mpini, alama za majaji. Alinisikiliza hadi mwisho. Nilitegemea aulize nani alishinda, au kwa nini walirudia. Aliuliza jambo moja tu.

"Sasa mjukuu wangu, wewe ulisimama upande gani?"

*

Ili swali hilo lieleweke, lazima nieleze jinsi ngoma zinavyoshindanishwa kule alikozaliwa.

Wasukuma wana vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu. Masimulizi yanavitaja kwa waanzilishi wao, Ngika na Gumha, waganga wawili waliobishana dawa ya nani ina nguvu zaidi. Njia waliyoichagua ya kumaliza ubishi ilikuwa kucheza ngoma. Tangu wakati huo vyama hivyo viwili vimekuwa vikikutana baada ya mavuno, jua la kiangazi linapokuwa kali na maghala yana chakula.

Utaratibu wake humshangaza mtu aliyezoea ukumbi wa kurekodia. Makundi mawili hayapokezani jukwaa. Yanacheza kwa wakati mmoja, katika uwanja mmoja, kila moja upande wake, na ngoma zao zinagombania masikio yaleyale. Watazamaji hawana viti. Wanatembea. Kundi moja likitoa nyimbo kali, watu wanamiminika huko. Kundi la pili likileta chatu, au nungunungu, au mchezo wa majembe ambao haujaonekana mwaka huo, watu wanageuka na kukimbilia upande ule. Manju wa kila upande hutunga nyimbo za kuwasifu wake na kuwachoma wengine. Dawa bado zipo, na kazi yake kubwa ni hiyohiyo moja: kuvuta watu. Mwisho wa mashindano, mshindi ni yule mwenye umati mkubwa zaidi.

Leo sherehe inayojulikana zaidi ni Bulabo, inayofanyika Bujora, palepale Kisesa, wakati wa sikukuu ya Ekaristi. Iliunganishwa na kalenda ya kanisa katika zama za Padri David Clement, mmisionari Mkanada aliyejenga Bujora kuwa parokia na makumbusho ya Wasukuma kwa pamoja. Lakini kiini cha mashindano ni kilekile cha zamani. Kila mtazamaji ni jaji, na kura yake ni miguu yake.

Bibi anatoka katika ukoo wa Bagalu. Kabla ya uhuru, akiwa msichana mdogo, alikwenda na baba yake kwenye mashindano, na katikati ya mchana akamsikia manju wa Bagika ambaye sauti yake, anasema, ilimtoa mwilini. Alivuka uwanja. Alivuka mbele ya baba yake, shangazi zake na majirani, akaenda kusimama kwa wapinzani hadi jua lilipozama. Baba yake hakusema naye kwa siku nne. Siku ya tano alimwita, akamwuliza yule manju aliimba nini hasa, kwa sababu kule alikokuwa yeye hakusikia vizuri.

Kwa hiyo bibi alipoliuliza swali lake, hakuwa akinilaumu. Kwake huo ndio mwanzo wa taarifa yoyote ya mashindano.

*

Pwani nako kulikuwa na ushindani, ingawa wa namna nyingine. Mwaka 1975 Terence Ranger, aliyefundisha historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1960, alichapisha kitabu kiitwacho Dance and Society in Eastern Africa. Ni historia ya ngoma moja, beni, na nilipokisoma chuoni nilikichukulia kama kitabu cha ukoloni. Baada ya usiku ule nilikisoma upya kama kitabu cha mashindano.

Beni, jina lililotokana na neno la Kiingereza la bendi, ilianza katika miji ya Lamu na Mombasa miaka ya 1890. Vijana walichukua tarumbeta, ngoma kubwa, gwaride na sare za majeshi ya kigeni, wakavifanya vyao. Waligawana vyeo: mfalme, jenerali, kapteni, daktari. Na popote beni ilipofika, ilifika ikiwa mbili. Mombasa palikuwa na Kingi na Skochi. Lamu ilirithi uhasama wa mitaa ya Mkomani na Langoni, uliokuwepo kabla ya tarumbeta ya kwanza kupulizwa. Huku Tanganyika palikuwa na Marini na Arinoti: Marini wakijiona watu wa pwani, wasomi, makarani, watanashati, Arinoti wakiwa na wengi wa vibarua na watu waliotoka bara.

Vita Kuu ya Kwanza iliisambaza. Askari na wapagazi waliibeba hadi Nyasaland, Rhodesia ya Kaskazini na migodi ya Kongo. Maofisa wa Kiingereza waliingiwa na wasiwasi. Waliona watu weusi wenye vyeo vya kijeshi, matawi katika miji mingi na barua zinazopelekwa kati ya matawi hayo, wakafikiri huenda kuna uasi unapikwa. Walipochunguza walikuta vyama vya watu wanaocheza, wanaozikana, na wanaompokea mwenzao mgeni akishuka kwenye treni katika mji asioujua.

Nilichokuwa nakitafuta katika kurasa zile ni jaji. Sikumpata. Hakuna mahali palipowekwa meza, watu watatu na alama kati ya 10. Kundi moja la beni lilipolizidi jingine, mji ndio uliojua. Ulijua kwa sare, kwa ukubwa wa maandamano, kwa nyimbo zilizobaki midomoni mwa watu sokoni kesho yake, na zaidi ya yote kwa karamu. Wapinzani walialikana na kulishana, na aliyeshindwa kurudisha karamu kubwa kuliko aliyolishwa alikuwa ameaibika. Wanawake wa Mombasa walifanya hivyohivyo katika lelemama. Vyama vyao viwili vikubwa, Ibinaal Watan na Banu Saada, vilishindana kwa miaka mingi kwa mavazi, maandamano na chakula, na kwa nyimbo zilizoweza kumfichua mtu aliyekosa adabu bila kumtaja jina.

Sitaki kuipamba hali hiyo. Ushindani ule uliwaingiza watu kwenye madeni. Ulivunja urafiki, ukazua mapigano mitaani, na mtu aliyeimbwa katika wimbo wa lelemama hakuwa na mahali pa kukata rufaa. Umati nao hununulika: karamu ya leo ni kura ya kesho. Lakini hukumu ya mji ilikuwa na sifa moja niliyoikosa ukumbini. Ilichukua muda mrefu, na kila aliyeitoa alionekana akiitoa.

*

Basi ile meza ya majaji ilitoka wapi?

Televisheni haikuileta peke yake. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa nayo tangu miaka ya 1970. Meza ilikuwa imekwisha kuandaliwa zamani. Desemba 1962 Rais Nyerere aliunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akisema kwamba ukoloni ulitufanya tuzionee aibu ngoma zetu. Likaja kundi la taifa la ngoma, na baadaye, mwaka 1981, Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Nia ilikuwa njema na matunda yake tunayala hadi leo. Lakini ngoma iliyochezwa mchana kutwa ilipaswa sasa kuingia jukwaani kwa dakika chache. Ngoma iliyozungukwa na watu ilipaswa kuangalia upande mmoja, waliko wageni rasmi. Bugobogobo ilipendwa sana na vikundi vya jukwaani kwa sababu ile mirusho ya majembe huonekana vizuri hata kutoka kiti cha nyuma.

Mashindano nayo yakabadilika. Mimi mwenyewe nilicheza ngoma katika mashindano ya shule za msingi. Nakumbuka afisa mmoja aliyekaa chini ya mwembe na karatasi yenye safu za alama: sare, usafi, ujumbe, nidhamu. Tulicheza tukimwangalia yeye. Wazazi wetu walisimama nyuma yake, mbali, na sikumbuki walikuwa wangapi wala walifurahi kiasi gani. Nakumbuka kalamu yake.

Televisheni iliikuta kalamu hiyo ikaiwekea taa. Inahitaji mshindi kabla kipindi hakijaisha, kwa hiyo haiwezi kungoja mji uamue. Bado inauhitaji umati, maana dansi lisilo na watu linaonekana kama mazoezi, ila inauhitaji ukiwa umekaa. Inachukua shangwe zake mapema, inazihifadhi, kisha inazipanga zinapotakiwa. Sidhani kuna ubaya uliokusudiwa katika hilo. Yule msichana wa visikizio alikuwa akifanya kazi yake, tena kwa upole. Viti vitupu vinaonekana vibaya kweli.

*

Nilipomaliza kumweleza bibi kuhusu kuhamishwa viti, alinyamaza kidogo.

"Kwa hiyo walikuhamisha."

"Ndiyo, bibi. Halafu wakachukua picha yangu wakaiweka pale. Tulipiga makofi nusu saa kabla ya kuanza, huenda ni ya wakati ule."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimejiambia tangu kipindi kilipoisha, na ndivyo nilivyopanga kumwambia mdogo wangu. Ni maelezo mazuri. Yangemridhisha. Kila mtu anajua televisheni hukata na kuunga.

Lakini nilikuwa nimeutazama uso ule kwenye kioo. Wakati wa makofi ya jukwaa tupu nilikuwa na koti; ukumbi ulipopata joto nililivua. Kwenye kioo sikuwa na koti. Tena nakumbuka. Yule binti wa mbele alipojirusha chini akainuka bila mikono, kama aliyevutwa na kamba kutoka darini, nilipiga kelele kwa sababu sikuweza kujizuia. Nilikuwa nimesahau niko upande gani. Mama wa kigelegele alinishika bega tukacheka pamoja.

Picha ile haikunisingizia. Jambo baya lilikuwa jingine: nilipomshangilia mdogo wangu kwa moyo wote, mara ya kwanza, mipini mitano ikiwa hewani, shangwe yangu ilifutwa pamoja na sauti mbovu. Iliyobaki ya kwake ilikuwa ile ya amri. Iliyobaki ya wapinzani wake ilikuwa ya kweli. Mtu anayetazama nyumbani hana njia ya kujua tofauti, isipokuwa awe amekua akiuona uso wangu kila siku.

Bibi alikuwa bado ananisubiri.

"Nilisimama kwao, bibi," nikasema. "Kwa wale wasichana. Nilipendezwa."

"Walikuwa wazuri?"

"Walikuwa wazuri sana."

"Na wa kwetu?"

"Mara ya kwanza walikuwa wazuri kuliko wao. Watu wote walisimama, hata upande wa pili. Hata jaji mmoja."

"Basi kamwambie hivyo," akasema. "Vyote viwili. Yeye hakuweza kuona, alikuwa anacheza."

Nilitoka nje. Mdogo wangu alikuwa ameketi kwenye ngazi za duka lililofungwa, simu mkononi, haangalii simu. Nilikaa. Nilimwambia kwanza kuhusu wasichana, kwa sababu hilo ndilo lililokuwa gumu, na sikutaja viti wala koti. Alitikisa kichwa taratibu. Kisha nikamwambia kuhusu mara ya kwanza: jaji aliyesukuma kiti, na mama wa mpinzani aliyepiga kigelegele akajiziba mdomo.

"Yule mama alipiga kigelegele?" akauliza. "Yule mwenye kilemba cha kijani?"

"Huyohuyo."

Alikaa kimya kwa muda mrefu. Pikipiki mbili zilipita. Halafu akanitaka nimweleze tena, tangu mipini ilipoondoka mikononi, nani alisimama kwanza na nani alifuata, safu kwa safu, na mimi nikamweleza kila nilichokumbuka.